Kifungu cha Kasuku

Kama kuna kiumbe anayejielimisha kwa kutia saini, ni wakili. Asubuhi atasaini kwamba amefika, jioni atasaini kwamba bado yupo, na katikati ya saini hizo mbili huwezi kujua kama alikuwa ukumbini, mahakamani au kwa kinyozi. Chama chao kilikuwa kimeweka sharti: kila mwaka wakili akusanye alama za semina, la sivyo leseni haitoki. Basi semina zikaota kila kona ya mji kama magugu, zenye majina marefu na sambusa za moto, na mawakili wakawa wanaelimika mpaka inatia huruma.

Bi Kifungu alizijua semina hizo nje ndani. Hilo halikuwa jina lake. Alipewa na mawakili vijana kwa sababu alikuwa hawezi kuona karatasi yenye saini mbili bila kuuliza kifungu cha ngapi kinasema nini. Alijitia hajui kwamba anaitwa hivyo, na moyoni alilipenda. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, na pembe moja alikuwa ameizungushia kabati ili wateja wadhani nyuma yake kuna karani. Hakukuwa na karani. Makarani wote aliowahi kuwaajiri waliondoka wakilia, naye kila mara alisema afadhali.

Mawakili wenzake aliwadharau kwa moyo mmoja. Aliwadharau kwa suti zao, kwa namna walivyoitana "wakili msomi" huku hawajasoma chochote tangu mtihani wa mwisho, na zaidi ya yote kwa mikataba yao. Kila mkataba uliopita mikononi mwake ulikuwa umenakiliwa kutoka kwa mwingine, na huo mwingine kutoka kwa mwingine, mpaka unakuta mtu anapanga banda la kuku anaahidi kuheshimu sheria za usafiri wa anga. Siku moja akasema basi, liwalo na liwe, atawafundisha mwenyewe.

Aliandika pendekezo kwa Kamati ya Elimu Endelevu. Semina aliiita "Kusoma Mkataba Kabla ya Kuusaini." Mwenyekiti wa kamati, mtu wa suti za vipande vitatu na sauti kama ya kutangaza vifo redioni, alimpigia simu kwa upole mkubwa, akamweleza kwamba kichwa hicho kinaweza kuwafanya wanachama wajisikie kama hawajui kusoma. Bi Kifungu akaandika upya, "Makosa Tunayoyafanya Katika Mikataba ya Pango." Mwenyekiti akapiga tena, akasema neno "makosa" halipendezi kwenye bango. Mara ya tatu Bi Kifungu hakubadilisha hata nukta ya yaliyomo. Alifuta kichwa tu, akaandika, "Mkataba wa Kisasa: Mbinu za Juu kwa Wakili Mahiri." Ilipitishwa alasiri ile ile, na Mwenyekiti akampongeza kwa kukomaa.

Alichowaandalia kilikuwa mtego. Aliketi akatunga mkataba wa kupanga duka, mzuri wa kutazama, wenye vifungu vilivyopangwa vikapangika na maneno mazito mahali pake, kisha akauchimbia mashimo ndani. Shimo kubwa lilikuwa kifungu cha tisa. Kilisema kwamba mpangaji akigusa ukuta, dari au sakafu, hata kwa msumari mmoja, bila kibali cha maandishi cha Msimamizi Mkuu wa Jengo, mkataba umekufa papo hapo na kila kilichomo ndani ni mali ya mwenye jengo. Na ukipekua mkataba wote, juu mpaka chini, hakuna palipoandikwa huyo Msimamizi Mkuu ni nani. Hayupo. Ni kibali ambacho mpangaji angekitafuta mpaka azeeke.

Halafu, kwa kuwa aliwajua watu wake, akatia na kitu cha kuwaamsha waliolala viti vya nyuma. Kifungu cha kumi na saba kilisema: "Mpangaji hatafuga kasuku mwenye uwezo wa kurudia mazungumzo ya kibiashara." Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, akaandika: ZOEZI. MKATABA HUU UNA MAKOSA YA MAKUSUDI.

Siku ya semina ukumbi wa hoteli ulijaa. Aliwagawia mkataba, akawaambia wausome wakati wa chai, wakirudi kila mmoja ataje shimo aliloliona. Walitikisa vichwa kwa heshima. Wengine walitoa simu wakapiga picha kila ukurasa, na Bi Kifungu, mjinga wa siku moja, akadhani ni bidii. Chai ilipofika ukumbi ulihama. Waliondoka na mikoba, na makoti, na mwingine na sambusa mbili kwenye kitambaa cha karatasi, na hawakuonekana tena mpaka saa ya saini ya jioni. Waliobaki walikuwa wakili mjamzito ambaye miguu ilikuwa imemvimba, mzee mmoja aliyekuwa amelala, na fundi wa projekta. Bi Kifungu akawafundisha hao hao. Alieleza kifungu cha tisa chote kwa wakili mjamzito, ambaye aliuliza maswali mazuri, na jioni akatazama foleni ndefu ya watu wakisaini kwamba wameelimika.

Wiki iliyofuata chama kilisambaza vifaa vya semina kwa barua pepe kwa wanachama wote. Bi Kifungu alifungua faili lake akakuta nembo ya chama, kubwa, ya rangi, imekaa mahali ambapo palikuwa na lile onyo la herufi kubwa. Onyo halikuwepo tena. Chini ya nembo kulikuwa na maneno mapya: "Mkataba wa Mfano, umeandaliwa na mtaalamu," kisha jina lake kamili na idhini ya Mwenyekiti wa Kamati.

Alianza kuandika barua ya kusahihisha. Aliandika "Ndugu wanachama," halafu akasimama, akamfikiria wakili msomi mmoja mahali fulani akisoma kifungu cha kasuku mbele ya mteja kwa uso mkavu, na kicheko kikamtoka peke yake mle ofisini mpaka akajifuta machozi. Mtu asiyeona kasuku, alisema moyoni, anastahili kuumbuka. Acha waumbuke. Akafunga kompyuta akaenda kula. Kwa muda mrefu baada ya hapo, alipokutana na wenzake kwenye korido za mahakama wakimwambia mkataba wake umewasaidia sana, alikuwa akijibu kwamba amefurahi kusikia, na kwa kweli alifurahi.

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Ndugu hao wawili walikuwa wamebaki wao tu, na walipendana kwa mbali kidogo, kama watu wanaojua mahali panapouma. Mdogo mtu alikuwa ameshona miaka yote barazani kwa mtu, kisha hatimaye akapata duka la kwake kwenye jengo jipya la mtaa wa maduka, lenye dirisha kubwa la kioo. Aliweka vyerehani vyake, akaweka meza ya kukatia, akatundika pazia la kujaribia nguo. Bi Kifungu alikwenda siku ya kufungua, akasifia dirisha, akauliza kwa nini pindo la pazia limepinda. Mkataba hakuulizia, na hilo lingepaswa kumshangaza mwenyewe, ila siku hiyo alidhani mdogo wake bado hajapewa na kwamba akipewa ataleta.

Asubuhi moja mdogo wake alipanda ngazi za juu ya duka la vioo, akakaa kiti cha wateja bila kuvua mkoba begani. Aliamkia, akaitikiwa, kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba amefungiwa duka. Alikuwa ametundika kioo kirefu ukutani, wateja wajione. Alimwomba mwenye jengo kwa mdomo, mwenye jengo akamwambia piga tu msumari mama, kwani ukuta si wako? Kisha akatokea mtu wa kuuza simu aliyelitamani lile dirisha, na ghafla msumari ukawa kosa. Kufuli jipya lilikuwa mlangoni. Vyerehani vilikuwa ndani, nguo za wateja zilikuwa ndani, na gauni la bibi harusi, limebaki vifungo na ua moja la kola tu, lilikuwa ndani. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Bi Kifungu alihisi damu ikimpanda, na ilikuwa raha kidogo, kama kila alipopata mjinga wa kumshughulikia. Akanyoosha mkono apewe huo mkataba. Akauliza, huku anavaa miwani, ni mpumbavu gani aliyeuandika.

Aliona nembo kwanza. Hakuamini, akafunua. Kifungu cha tisa kilikuwa pale pale. Akafunua tena, haraka, akamkuta kasuku.

"Hicho nilikiulizia," mdogo wake alisema, alipoona kidole kimesimama hapo. "Wakili wa mwenye jengo akaniambia ndiyo mtindo wa kisasa. Ni yule Mwenyekiti wenu. Nikampelekea na wakili mwingine anikagulie, kijana mmoja. Akasema huu ni ule wa semina, umepitishwa na chama, saini bila wasiwasi."

Mmoja ameandika, mwingine amekagua, na wote wawili wana cheti cha semina chenye saini ya Bi Kifungu mwenyewe. Siku nyingine angecheka mpaka akose pumzi. Aliuliza kwa nini hakuletewa yeye.

Mdogo wake alitazama kabati lisilo na karani.

"Dada, mimi nikikuuliza kitu naondoka hapa nimekuwa mjinga. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya risiti tu, ukaniuliza nilikuwa wapi wenzangu wakisoma. Nilikuwa barazani nashona, nakulipia ada. Unajua nilikuwa wapi."

Bi Kifungu alijua. Alikunja mkataba, akaufungua, akaukunja tena. Alisema watakwenda mahakamani kesho, na mdogo wake akasema sawa, akaondoka.

Mahakamani mambo hayakuwa mepesi. Siku ya kwanza hakimu, mzee mchovu aliyekuwa na mazoea ya kusikiliza akiwa amefumba macho, alitazama nembo ya chama akaheshimu. Kufuli likabaki. Jumamosi ikafika na kupita, na bibi harusi akaolewa na gauni la kuazima lililombana kwapani, kisha akaja na mama yake barabarani mbele ya dirisha kubwa, wakalitazama lile lao likining'inia ndani, mama akamwambia mshonaji maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia.

Shauri liliposikilizwa Bi Kifungu alisimama meza ya mawakili na hoja zake zote. Alisema kibali kinachoombwa kwa mtu asiyekuwepo si kibali. Mwenyekiti, katika vipande vyake vitatu, aliinuka taratibu akasema kwamba huyo Msimamizi Mkuu bila shaka alikuwa na maana yake, kwani mkataba umetungwa na mtaalamu ambaye nchi nzima inamheshimu, na mtaalamu huyo, kwa bahati njema, yuko humu humu. Akainama kidogo kumwelekea. Watu wakacheka. Hakimu akafumbua macho.

Alimwambia Bi Kifungu kwamba achague. Anaweza kubaki wakili na kuendelea kubishana kuhusu maneno, au anaweza kwenda kusimama pa mashahidi, aape, aseme yeye mwenyewe alikusudia nini, na ahojiwe. Vyote viwili hapana.

Kila wakili aliyekuwa chumbani alielewa maana yake. Wakili akipanda pale hana tena meza ya kujificha nyuma yake, na anayemhoji anaweza kumchimba atakavyo. Bi Kifungu alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na mkoba magotini, hana pa kwenda mchana huo kwa kuwa hana duka. Akavua joho, akalikunja kwenye kiti, akavuka.

Aliapa. Alieleza kwamba mkataba ulikuwa zoezi, na kwamba kifungu cha tisa ni shimo alilolichimba makusudi ili wenzake walione. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi, maana nusu ya mawakili waliokuwa wakisubiri kesi zao walikuwa wameutumia, na wengine walikuwa nao mikobani.

Mwenyekiti aliinuka. Hangeweza kukosa nafasi kama ile. Angeweza kuuliza swali moja dogo akakaa, na huenda mteja wake angepona, lakini alikuwa na mwanamke aliyemdharau miaka yote amesimama mahali pa kuhojiwa, na utamu ulimzidi. Alitaka kujua kama onyo la zoezi lilikuwepo kwenye nakala ya semina. Lilikuwepo. Kama mtaalamu aliona limeondolewa kwenye barua pepe. Aliona. Je, alimwandikia mtu yeyote kusahihisha? Hakumwandikia.

"Kwa nini, wakili msomi?" aliuliza Mwenyekiti, akigeukia mabenchi.

Bi Kifungu angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema alikuwa na kazi nyingi. Mawakili husema hivyo kila siku na hakuna anayekufa.

"Kwa dharau," alisema. "Niliwadharau. Wewe na wote waliosaini. Nilitaka muumbuke, na sikufikiri hata siku moja kwamba wakili akianguka anamwangukia mteja. Nilikuwa nacheka peke yangu ofisini, na mdogo wangu anapigwa kufuli."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikaa chini akiwa ameridhika kabisa, akanyoosha kizibao chake. Ilichukua muda kidogo, na sauti ya hakimu ikiuliza kwa utaratibu ni nani basi aliyeliondoa lile onyo na kuweka idhini mahali pake, kabla uso wake haujaanza kubadilika. Alikuwa ameithibitishia mahakama, swali kwa swali, kwamba mkataba wa mteja wake ni mtihani wa darasani uliofutwa onyo na yeye mwenyewe. Alijibu kwamba onyo halikupendeza pamoja na nembo.

Hakimu alifuta kifungu cha tisa na kuamuru kufuli litolewe siku hiyo hiyo. Kabla hajainuka alimuuliza Bi Kifungu, kwa sauti ya chini, kama mkataba wa nyumba ya kupanga wenye habari za kasuku nao una tatizo. Bi Kifungu alimshauri ausome wote. Na ili pasiwe na mtu wa kudhani dunia ina haki iliyopitiliza, Mwenyekiti alibaki Mwenyekiti. Mwezi uliofuata aliendesha semina ya maadili, ukumbi ukajaa.

Dukani kulikuwa na vumbi na harufu ya kitambaa kilichofungiwa. Mdogo wake aliingia kwanza. Aligusa vyerehani kimoja kimoja, akafungua dirisha, kisha akasimama mbele ya gauni. Lilikuwa zuri. Kola yake ilikuwa imetariziwa kwa mkono, kazi ya jioni nyingi, na ua moja dogo lilikuwa limeachwa nusu. Alilitoa kwenye kining'inizo akalikung'uta, akalikunja kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akaliweka chini ya meza.

Bi Kifungu alisimama mlangoni. Alikuwa ameandaa maneno njiani, na sasa yote yalikuwa marefu mno.

"Mstari mmoja tu, dada," mdogo wake alisema bila kugeuka. "Ungeandika mstari mmoja."

Alirudi ofisini kwa miguu. Hakuvua hata viatu. Aliwaandikia wanachama wote: "Mkataba wenye kasuku ni zoezi. Una makosa ya makusudi. Kama umemsainisha mteja, mwite leo, uandike upya." Akatuma, akakaa akisubiri. Majibu yakaanza kuingia, moja, kisha mengine kwa mafungu. Aliyafungua akiwa na wasiwasi wa kutukanwa. Hayakuwa matusi. Karibu wote walikuwa wanauliza, kwa heshima zote, kusoma barua pepe hii kuna alama ngapi.

Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye kompyuta. Jibu lilikuwa tayari kichwani, kali, la kukumbukwa mpaka wastaafu, na aliandika nusu yake kwa kasi na kwa raha. Kisha akalisoma. Akalifuta herufi kwa herufi, akavuta simu, akatafuta namba ya yule kijana aliyemkagulia mdogo wake mkataba. Ilipokelewa haraka, kwa shikamoo yenye hofu.

"Marahaba," alisema. "Sijapiga kukugombeza. Una wateja wangapi uliowapa ule mkataba wa semina?"

Kijana alisema hana hakika, ni kadhaa.

"Chukua jalada la kwanza. Fungua kifungu cha tisa, unisomee taratibu. Usipoelewa mahali, niulize. Uliza chochote."

Upande wa pili Bi Kifungu alisikia droo ikivutwa, na karatasi zikitafutwa, naye akasogeza kiti, akavaa miwani, akangoja.